Mbuzi Aliyelia Gizani

Mbuzi alilia. Sote tuliokuwa sebuleni kwangu mchana ule tulimsikia: Tata Kankolongo, baba mdogo wa marehemu mume wangu, aliyekuwa amejiketisha kwenye kiti cha marehemu bila kukaribishwa, shemeji yangu Ngeleka, mikono mifukoni, mama mkwe wangu, Mama Mianda, na kitambaa chake cheusi cha kilio, na mimi niliyesimama kando ya kompyuta, mkono juu ya kipanya. Mbuzi akalia tena, watu wakacheka, mwanamke mmoja akapiga vigelegele. Lakini kwenye skrini hapakuwa na mbuzi, wala watu, wala mwanamke. Palikuwa na weusi mtupu, na ndani ya weusi ule nyuso zetu wenyewe zikitutazama kama za watu waliokaa kisimani.

"Ni giza," alisema Tata Kankolongo. "Mama Abi, ulituita siye bote kuya kuangalia giza?"

"Munasikia mbuzi, tata."

"Mbuzi banalia fasi yote. Hata mu parcelle ya voisin iko moya inalia saa hii." Alinyoosha kidole kuelekea ua wa jirani, kisha kwenye skrini. "Mi napenda kuona. Kama hatuone mbuzi, mbuzi haiko. Kama mbuzi haiko, ndoa haiko. Zima hiyo kitu, inatumaliza courant."

Ngeleka akacheka. Nilizima, asipate tena kisingizio cha umeme. Tata Kankolongo akanipa muda hadi siku ya kuondoa kilio, siku ambayo ukoo wote ungekusanyika na yeye angetangaza nyumba ni ya nani. Akaondoka akiwa amekunywa chai yangu yote.

Huyo mbuzi si jambo dogo. Watu wa mume wangu ni Waluba wa asili ya Kasai. Babu zao waliletwa Kolwezi kuchimba shaba wakabaki hapahapa. Kwao ndoa haikamiliki kwa suti ya baba mkwe, wala kwa jembe, wala kwa vitenge. Inakamilika kwa mbuzi anayepewa mama wa msichana, kuushukuru mgongo wake uliombeba bibi harusi alipokuwa mtoto mchanga. Kabla ya mbuzi huyo, yote mengine ni mazungumzo. Mimi ni mtu wa Sandoa, kwa hiyo mbuzi wangu alipelekwa Sandoa. Alipanda lori hapa Kolwezi, akakaa juu ya magunia ya unga safari nzima, na aliyemshikia kamba alikuwa Kankolongo huyuhuyu.

Sasa mume wangu Barnabé amekufa, na Kankolongo anaapa mbele ya watu kwamba mbuzi hakutolewa. Umewahi kuona wapi? Kwingine upande wa mwanamume hugomba kwamba ulilipishwa mno. Wangu walijipiga kifua kwamba walikuwa wabahili, kwamba walimchukua mtoto wa watu bure, na haya hawakuwa nayo hata chembe. Sababu naijua. Nyumba yetu iko katika mtaa wa zamani wa wafanyakazi, ni ya matofali, ina ua na mti wa parachichi, na siku hizi, mji ulivyojaa wageni wa migodi, nyumba ya namna hiyo inatafutwa kwa udi na uvumba. Ngeleka alikuwa na mpangaji tayari. Nikiwa mke, nyumba ni yangu na ya binti yetu Abigaëlle. Nikiwa mwanamke aliyekuwa akikaa tu na Barnabé, nyumba ni ya ukoo, na mimi nifunge virago nirudi Sandoa.

Majirani waliponiambia niende tribunali, mahakamani, nilijua ni maneno mazuri, lakini ningekwenda na nini mkononi? Ndoa kwenye ofisi ya komine hatukuwahi kuandikisha; kila mwaka Barnabé alisema mwaka ujao. Mama yangu, aliyempokea mbuzi yule, alikuwa amekwisha kufa. Baba alikuwa Sandoa, miguu imemshinda, na mvua zilikuwa zimeikata barabara. Nilimpigia simu mbele ya wakwe, akaeleza yote, mpaka rangi ya mbuzi. Kankolongo akasema sauti ya simu haina uso. Mama Mianda hakuwa shahidi wa lolote, maana yeye hakukanyaga Sandoa. Hakutaka mwanawe aoe mbali, aligoma kusafiri, na tuliporudi aligoma hata kuiangalia video ya sherehe. Tulikuja kupatana Abigaëlle alipozaliwa, na tangu hapo hakuna aliyeligusa tena jambo la video. Kwa hiyo mama yule aliamini alichoambiwa na shemeji yake Kankolongo. Sikumlaumu sana, lakini iliniuma.

Ilibaki video.

Na hiyo video, usidhani niliipata kirahisi. Wiki ya mazishi Ngeleka alikuja akaichukua kompyuta, eti anatafuta karatasi za kazi za kaka yake. Ni kompyuta ya mezani, kizee, Barnabé aliinunua ofisi moja ilipokuwa ikibadilisha vifaa. Siku zikapita, kompyuta hairudi. Nikaenda kwake asubuhi, nikamkuta ameifungua mezani na ameifuta programu zote, ameiwekea Windows mpya, inang'aa kama sahani isiyo na chakula. Hakujua kwamba mume wangu alikuwa ameweka diski ya pili ndani, na kwamba kumbukumbu zetu zote zilikaa huko. Sikumwambia. Nilichomoa nyaya, nikaifunga ile kompyuta kwa kitenge, nikajitwika kichwani, skrini nikaikumbatia kifuani.

"Ya Odile, unapeleka wapi ordinateur ya famille?" alipiga kelele nyuma yangu, akiniita ya, yaani dada, kama kawaida yake.

"Kwa famille," nilimjibu, bila kugeuka, kwa sababu shingo yenye mzigo haigeuki.

Nilipita nayo barabara kubwa ya mtaa, mbele ya wauza mkaa na wasuka nywele. Wakaniuliza nimebeba nini. Nikawaambia nimebeba ndoa yangu. Wengine walicheka, mmoja akanisindikiza.

Diski ya pili ilikuwa salama, na faili ilikuwepo. Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba Ngeleka, kwa kufuta programu, alikuwa amefuta pia macho ya kompyuta. Ndiyo maana mbuzi alilia gizani mbele ya wakwe zangu. Programu ya video iliyokuja na Windows ilisoma sauti tu, na chini ikaandika kwa Kifaransa kwamba codec imekosekana, ninunue, na kwa kununua nilihitaji kadi ya benki. Mimi ni fundi wa kushona. Benki na mimi hatujuani.

Nilimpigia Symphorien, aliyerekodi sherehe ile, siku hizi anaishi Kisenge. Simu ilikatika mara nyingi lakini la maana nililipata. Faili ya video ni sanduku, alisema. Ndani yake picha imekunjwa kwa namna yake na sauti kwa namna yake, na codec ndiye anayejua kukunjua. Kamera yake wakati ule ilikuwa mpya, alijivuna nayo, ikikunja picha kwa namna mpya ili faili isichukue nafasi kubwa. "Usiibadilishe, ya Odile," alisema. "Tafuta mwenye kuikunjua." Kisha mtandao ukamla.

Nilichelewa kumwelewa, maana hapa kwetu mtu mwenye shida ya video haendi kwa mtu mwingine ila Jeancy. Ana kibanda karibu na soko, kompyuta mbili na waya mia, na mji mzima humpelekea clé USB, yaani flashi, awajazie filamu na nyimbo za kwaya. Kazi yake anaijua kwa namna moja tu: kila kinachoingia hukibana mpaka kitoshee kwenye simu ndogo. Harusi, mazishi, ubatizo, vyote hutoka kwake vikiwa vidogo. Na akimaliza kubana huifuta ile ya asili, ili diski yake isijae. Mji huu una watu wengi wasio na sura kwenye harusi zao wenyewe, na wote wanamshukuru Jeancy.

Mimi nilimpa nakala, si faili yenyewe; onyo hilo angalau nilikuwa nimelipata kwa Symphorien. Akaibana. Nilipoifungua nyumbani, picha ilikuwepo, kweli, ila kila mtu alikuwa amegeuka kuwa madoa ya udongo. Mbuzi alikuwa doa jeupe. Kankolongo alikuwa doa jeusi lililomvuta doa jeupe. Nilijua nikiwaonyesha hiyo, Kankolongo atasema, huyo si mimi, huyo ni gunia. Nikarudi kibandani.

"Inaonekana muzuri tu, mama," Jeancy aliniambia. "Batu bote banaangaliaka hivi."

"Mi sitaki ya batu bote. Mi nataka kuona uso."

Akakuna kichwa, akanipa kifurushi. Pack ya codecs, alisema, iko na kila kitu, hakuna video itakayokukatalia. Nikaiweka. Kompyuta ikawa danguro. Kila nilipobonyeza, madirisha yalifunguka ya michezo ya kamari, ya dawa za kunenepa, mengine kwa Kichina. Na video ilipoanza, picha ilikuwa safi, nyuso zote zilionekana, lakini zote zilikuwa juu chini. Mama yangu mzazi alining'inia kutoka kwenye dari. Mbuzi alitembea angani na Kankolongo akining'inia kwenye kamba yake. Nilicheka peke yangu hadi machozi, halafu machozi yakaendelea bila kicheko. Abigaëlle akaingia kutoka shuleni, akapindisha kichwa mpaka sikio likagusa bega, akauliza kama yule aliyepinduka ndiye baba yake: "Maman, papa njo ule?"

Hapo ndipo nilipokasirika sawasawa. Mpaka siku hiyo nilikuwa nikiomba: nawaomba wakwe waniamini, namwomba Jeancy anisaidie, naiomba kompyuta inionee huruma. Nikajiambia basi. Mtu anayepasua kitambaa cha mteja bila kuogopa hawezi kushindwa na vitufe. Nilifuta kile kifurushi chote, kipande kwa kipande, na kila kilichokataa kufutika nilikirudia mpaka kikakubali. Nikakaa na simu yangu nikasoma kwa Kifaransa yale ambayo watu huulizana mtandaoni. Walikuwepo wengi kama mimi, kutoka nchi nisizozijua, wote wanasikia sauti na hawaoni picha. Kulikuwa na programu nzuri ambazo hazikuweza kufanya kazi kwenye kompyuta kizee kama yangu. Kulikuwa na nyingine iliyofungua kila kitu lakini ikapiga muhuri wa jina lake katikati ya picha, na mimi sikutaka muhuri wa mtu juu ya uso wa mama yangu. Nikachagua ile yenye alama ya koni ya barabarani, koni ileile ya rangi ya machungwa wanayoiweka kwenye vizuizi vya barabara za migodi. Hiyo hubeba codec zake zote tumboni. Haikuombi kadi, haikuulizi wewe ni nani.

Nilipita kwa Jeancy kununua megabaiti, nikamwambia nimechagua ile ya koni.

"Ile ya bule?" akabetua midomo. "Mama, kitu ya bule haina nguvu. Banasema utaharibu machine."

"Machine ni ya bwana yangu," nikamwambia. "Nikiharibu, nimeharibu ya kwangu."

Ilishuka polepole, umeme ukakatika, nikaanza upya, ukakatika tena. Mara ya mwisho ilikuwa Jumamosi, jua linawaka, na nyundo za vijana wanaochimba nyuma ya mtaa zinasikika mpaka ndani. Nilifunga programu nyingine zote ili kompyuta isihangaike, nikabonyeza faili. Picha ilisita kidogo, ikakatika vipande, ikaungana.

Ua wa nyumba yetu ya Sandoa ulijaa skrini. Vumbi jekundu, viti vya kukodi, shangazi zangu na vitenge vyao vipya. Na hapo mlangoni mwa ua, amevaa suti ya kahawia, miaka michache nyuma na kilo chache pungufu, Tata Kankolongo mwenyewe anamvuta mbuzi. Nilisimamisha picha kabla ya kufika mwisho. Nilitaka sana kumwona Barnabé, Mungu anajua, lakini nilisema nitamwona pamoja nao. Sikutaka kuja kulia mbele yao wakiwa wakavu, wala kukauka wakiwa wanalia.

Siku ya kuondoa kilio nyumba ilijaa. Waliomaliza kula walikaa sebuleni, wengine wakasimama madirishani. Tata Kankolongo alivaa vizuri na alikuwa na hotuba tayari. Nilimwona akiipitia midomoni.

"Mbele ya kusema," nikamwahi kabla hajaanza, "tata alilomba kuona. Leo ataona."

"Tuliisha kuona giza yako," akasema Ngeleka.

Nilibonyeza. Ua wa Sandoa ukatokea. Suti ya kahawia ikaingia ikimvuta mbuzi. Mbuzi aligoma, akakaza miguu, kisha akaruka kwa ghafla, na Tata Kankolongo, mbele ya wajomba zangu na mbele ya ukoo wake mwenyewe sasa, akaanguka kifudifudi kwenye vumbi bila kuachia kamba. Ndicho kicheko tulichokuwa tumekisikia gizani. Alisimama, akajifuta magoti, akamkabidhi mama yangu kamba mkononi kwa mikono miwili, na uso wake ulionekana kuanzia nywele hadi kidevu. Mama yangu akaizungusha kamba kwenye kifundo cha mkono wake. Akapiga vigelegele.

Dirishani mtu alianza kucheka akajizuia. Tata Kankolongo akajikohoza.

"Sawa. Tumeona. Zima."

"Hapana, tata."

"Nimesema zima!"

"Ulisema unapenda kuona," nikamwambia. "Hauwezi kuona kipande tu. Tutaona yote mpaka mwisho."

Akainuka. Alikuwa amefika nusu ya njia kuelekea kwenye waya wa umeme ukutani nilipojiweka mbele yake. Sikumgusa, nilisimama tu, na yeye ni mrefu kuliko mimi kwa kichwa kizima. Sijui tungeishia wapi.

"Ikala, Kankolongo," alisema Mama Mianda.

Hakupandisha sauti. Macho yake hayakutoka kwenye skrini. Kankolongo akakaa.

Video ikaendelea. Shangazi wakacheza, vyakula vikapita, Symphorien akarekodi miguu ya watu kwa muda mrefu kwa sababu ambayo sitaijua. Kisha akatokea Barnabé. Shati limelowa jasho, anacheza vibaya kama alivyocheza siku zote, mabega yanakwenda upande wake na miguu upande wake. Abigaëlle alinibana mkono. Barnabé akaiona kamera, akaisogelea mpaka uso wake ukajaa, akacheka, akasema kwa kupaza sauti, kama mtu anayeongea na aliye ng'ambo ya barabara:

"Mama! Weye ulikatala kuya, lakini mbuzi imefika! Iko nzima, tata Kankolongo njo alianguka! Maman, usibakie na kasirani, nitakuletea bibi yangu umuone!"

Kisha akaondoka, akarudi kucheza.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeyasahau maneno hayo. Labda siku ile nilikuwa mbali, na baadaye kila tulipoitazama video tulikuwa tukiishia kwenye mbuzi. Kwa miaka yote hiyo yalikuwa yamekaa pale, yakimsubiri mtu mmoja aliyegoma kuangalia.

Mama Mianda alivua kitambaa cheusi kichwani, akakishika magotini.

"Rudisha mu nyuma," akaniambia.

Nikarudisha. Barnabé akaja, akacheka, akasema.

"Rudisha tena, mutoto yangu."

Nikarudisha. Tulifanya hivyo sijui mara ngapi. Hakulia. Midomo yake ilikuwa ikiyafuata maneno ya mwanawe, kidogo nyuma yake, kama mtu anayejifunza wimbo. Alipotosheka, alimgeukia shemeji yake.

"Mutoto wangu ananiambia mbuzi ilifika. Weye uliniambia haikufika." Akakikunja kitambaa magotini. "Mi nilizaa nani kati yenu?"

Hotuba ya Tata Kankolongo hatukuisikia. Aliaga akisema anawahi usafiri, na alipopita mlangoni hakuna aliyehama kumpisha, ikabidi ajipenyeze. Mama Mianda aliwaambia waliobaki kwamba nyumba ina mwenyewe, wale, wanywe, kilio kimekwisha. Kisha akanifuata jikoni, tukaosha sahani pamoja.

Huu ni mwaka wa pili tangu siku ile. Baada ya miezi michache Ngeleka alimtuma mtu na clé USB, nimwekee nakala, eti kumbukumbu ya famille. Nilimrudishia tupu kama ilivyokuja. Nilimwagizia kwamba mbuzi yuko hapa, na kaka yake yuko hapa, kwa mke wake. Anayetaka kuwaona aje apige hodi.

Wiki iliyofuata Ngeleka alipiga hodi. Nilimwacha asimame kidogo kabla ya kumfungulia.